Kuozesha Uyoga

Neno "kuozesha" lina maana mbili, na mimi nimezitimiza zote. Kuna kuozesha kwa mzazi anayepokea mahari, na kuna kuozesha kwa mtu aliyesahau kabichi chini ya sinki. Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikijaribu kuozesha uyoga kwa maana ya kwanza, ndani ya kilichokuwa kibanda cha kuku hapa Free Area, Nakuru. Kwa muda mrefu nilifaulu kwa maana ya pili tu.

Aliyenitia kwenye shughuli hii ni Shangazi. Anakaa Manyatta, Kisumu, na anauza mboga za kienyeji Kibuye. Nilikuwa nimempelekea mifuko kumi ya uyoga wa aina ya oista wa kijivu, ile ile iliyokuwa ikinizalia vizuri huku kwangu, nikamwonyesha jinsi ya kunyunyiza maji, nikarudi nikijisifu njia nzima. Wiki tatu baadaye simu ikalia.

"Mwanangu, hivi vitu vyako vimenuna."

"Vimenuna vipi, Shangazi?"

"Vimetoa vichwa kama vya njiti za kiberiti, halafu vikanyauka. Tangu Jumapili hakuna hata kimoja kilichoongezeka."

Joto. Oista wa kijivu, ambao wataalamu huuita Pleurotus ostreatus, una asili ya nchi za baridi, na aina nyingi za kundi hilo hungoja ubaridi ndipo zichipuke. Nakuru tuko mita 1,850 hivi juu ya bahari na usiku unavuta blanketi. Kisumu iko mita 1,130 hivi, kando ya ziwa, na chumba cha mabati cha Shangazi saa nane mchana ni tanuri.

Nilijaribu kumpelekea oista wa waridi, ambao hupenda joto. Ulichipuka kwa fujo. Lakini uyoga huo haukai. Ukiuvuna asubuhi, kesho yake umeshalegea. Wateja wake nao waliutazama wakasema unafanana na nyama mbichi, wakanunua mitoo wakaenda zao. Halafu kuna ule mweupe wauzaji wa mbegu wanaouita Florida, jina la jimbo la Marekani ulikotoka. Huo unavumilia joto, ila ule niliokuwa nao mimi ulikuwa na kofia nyembamba, ukiushika vibaya unavunjika kama chapati iliyokauka. Nikajiambia: mmoja una nyama, mwingine una uvumilivu, si niuchanganye?

Na kweli nikauchanganya. Nilichukua mbegu ya kijivu, yaani ile nafaka iliyofunikwa utando mweupe, nikachukua na ya Florida, nikazimwaga pamoja kwenye mfuko mmoja wa mabua ya ngano kutoka Njoro. Mwezi mmoja baadaye uyoga ukatoka. Nikapiga picha, nikaweka kwenye kila grupu la WhatsApp nililomo, hata la mazishi: "Chotara wa kwanza wa Free Area!"

Mama alikuwa amekuja kutoka Luanda, Vihiga, kututembelea. Akaugeuza mfuko taratibu. Upande huu uyoga wa kijivu, upande ule uyoga mweupe.

"Mahindi na maharagwe huwa tunayapanda shimo moja," akasema. "Umewahi kuvuna kitu cha katikati?"

Sikuwa na jibu. Nilienda kulitafuta, na hapo ndipo nilipogundua kwamba uyoga ni kiumbe mwenye mambo ya ndoa kuliko hata sisi Waluhya.

Uyoga unaouona sokoni ni tunda tu. Mwili wenyewe ni ule utando unaotambaa ndani ya mabua. Kwa oista, utando unaoweza kuzaa una viini viwili katika kila seli, kimoja kutoka kila upande wa ukoo. Viini hivyo vinaishi chumba kimoja bila kuungana, vinagawanyika pamoja kila seli mpya inapozaliwa, hata kwa miaka. Vinaungana mara moja tu, chini ya kofia, kwenye ile mikunjo. Hapo vinachanganya urithi wao na kutoa spora nne, chembe ndogo kama vumbi za kuanzisha utando mpya, kila moja na kiini kimoja. Spora hiyo ikiota peke yake hutoa utando ambao mimi nimeupa jina la mseja: mwembamba, wa polepole, na kwa kawaida hauzai uyoga wa maana hadi ukutane na mseja mwingine anayemfaa.

Sasa, mbegu unayonunua si mseja. Tayari ina viini viwili. Nilichofanya kwenye ule mfuko ni kuwaweka wanandoa wa nyumba mbili katika chumba kimoja, na wao wakafanya ambacho watu wenye akili wangefanya: wakachora mpaka. Baadaye niliuona mpaka huo kwa macho yangu kwenye kisahani cha agari, ile jeli ya kukuzia utando: mstari ambao tando zote mbili ziliukaribia zikasimama, kila moja upande wake.

Kinachoamua nani amfae nani ni seti mbili za jeni, ambazo huitwa A na B. Wawili wakitofautiana kwenye zote mbili, wanaoana. Wakifanana hata kwenye moja, hakuna ndoa kamili. Mathilde Bensaude, Mreno aliyefanya utafiti wake Paris, alionyesha mwaka 1918 kwamba fangasi wa aina hii wana wenza wanaokubaliana na wasiokubaliana, na Mjerumani Hans Kniep akalifukua jambo hilo zaidi. Kuna fangasi mmoja mdogo wa kwenye magogo, Schizophyllum commune, ambaye makundi yake ya ndoa yanazidi 20,000. Sisi tuna mawili na bado tunasumbuana.

Kwetu ukimleta msichana nyumbani, swali la kwanza si anafanya kazi gani, ni wa ukoo gani. Uyoga nao una mwiko huo, ila umeuachia tundu. Spora zinazotoka kwenye kofia moja ni za makundi manne, kwa hiyo ukichukua mbili bila kuchagua, robo tu ya majaribio yako yatakubali. Ukichukua spora za uyoga wa kijivu na spora za uyoga usio na undugu nao, karibu zote zitaoana, kwa sababu jeni hizo za A na B zina sura nyingi sana duniani. Maana yake ni kwamba kazi ya kuozesha wageni ni rahisi kuliko ndugu. Kigumu ni kumpata mseja.

Wengine watauliza kwa nini sikumwoza yule wa waridi kwa wa kijivu. Ni spishi mbili tofauti. Haziozani kwa njia hii ya kawaida. Florida na wa kijivu, ingawa sura zao zinatofautiana, ni jamaa wa karibu kiasi cha kuzaa pamoja. Gerlind Eger na wenzake Ujerumani walishawaoanisha tangu miaka ya 1970, kwa hiyo sikuwa nagundua chochote.

Usiku mmoja nilikata kofia ya kila aina, nikazilaza juu ya foili, mikunjo ikitazama chini, nikafunika kila moja kwa bakuli. Asubuhi nilipoinua kofia ya kijivu, kwenye foili kulikuwa na mchoro wa mikunjo yote, mstari kwa mstari, wa rangi nyeupe inayoelekea zambarau. Ukiupulizia kidogo unapeperuka. Nilikaa nikiutazama hadi chai ikapoa.

Spora hizo ni nyingi kupita kiasi, na hilo ndilo tatizo. Unazigusa kwa ncha ya sindano tu, unaitikisa sindano kwenye maji yaliyochemshwa sana, unachukua tone la maji hayo unalitia kwenye maji mengine, kisha tone la hayo kwenye mengine, mpaka ubakiwe na maji yenye spora chache za kuweza kuota mbalimbali. Hayo ndiyo unayoyatandaza juu ya agari.

Agari yangu ni ya jikoni: viazi gramu 200 vimechemshwa na kuchujwa, maji yamefikishwa lita moja, sukari gramu 20, na unga wa agari gramu 20 kutoka kwa wauza vifaa vya keki. Vitabu vinataka glukosi. Sukari ya chai imenitosha.

Kilichoniangusha ni presha kuka. Maelekezo yote yanasema paundi 15, dakika 20, nyuzi 121. Nilifuata neno kwa neno, na katika visahani ishirini vya kwanza, kumi na vinne vikaota ukungu wa kijani. Nilibadilisha glovu, nikabadilisha spiriti, nikamshuku mtoto, nikamshuku paka. Nilichelewa kukumbuka kwamba nyuzi 121 ni za watu wa Mombasa. Hapa Nakuru hewa ni nyepesi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na presha kuka inayoonyesha paundi 15 inahesabu juu ya hewa hiyo nyepesi. Ndani joto linafika kama 118. Nyuzi tatu ni chache kwa mtu, ni nyingi kwa kijidudu. Sasa naacha dakika 35, na mtungi wa gesi unalia, lakini visahani vinabaki safi. Kazi yenyewe naifanya ndani ya beseni la plastiki linaloangaza, nimeligeuza na kulitoboa matundu mawili ya mikono, dirisha limefungwa, hakuna anayeruhusiwa kufagia.

Siku ya tano vidoti vikatokea, vidogo kama chumvi. Hapo ndipo pa kuwahi. Ukichelewa siku mbili vinakutana vyenyewe na kuoana bila idhini yako. Kwa lenzi ya mkono na wembe nilikata vile vilivyokuwa pweke, sita vya kijivu nikaviita K1 mpaka K6, na sita vya Florida, F1 mpaka F6. Kila K nikamkutanisha na kila F: vipande viwili sentimita moja kutoka kimoja hadi kingine, kwenye kisahani kipya. Harusi thelathini na sita kwenye rafu ya viatu.

Baada ya wiki moja hivi, pale wawili walipogusana utando ulianza kubadilika, ukawa mnene na wenye haraka. Nilikata kipande hapo, nikakikuza pembeni, kisha nikakiweka chini ya hadubini ya mtumba ambayo mke wangu bado anaiita "ile pesa ya tangi la maji". Ukikuza mara 400, utando mseja ni bomba jembamba lenye kuta hapa na pale, basi. Utando uliooana, kando ya kila ukuta, una kijipindo kama mkono wa kikombe. Ni njia ya pembeni: seli inapogawanyika, kiini kimoja hupitia kwenye huo mkono ili kila chumba kipate vyote viwili. Wataalamu wana jina lake. Mimi nasema kishikizo. Nilipokiona cha kwanza nilimwita kila mtu nyumbani, na kila mtu alikuja, akaangalia, akasema ni nywele.

Kisha nikaangalia wazazi, jambo ambalo ningelifanya kwanza. K4 alikuwa na vishikizo. Hakuwa mseja hata kidogo. Zilikuwa spora mbili zilizoota mahali pamoja. Harusi zake sita nikazifuta kwa kalamu nyekundu, zikabaki 30. Kwa kweli kuna njia ambayo ingeniokolea nusu ya kazi. Buller, Mwingereza aliyefundisha Winnipeg, Kanada, alieleza mwaka 1930 kwamba utando uliooana ukikutana na mseja, unaweza kumgawia kiini chake. Kwa hiyo ukiwa na mseja wa upande mmoja tu, upande wa pili unatumia mbegu ya kawaida. Nimeijaribu mwaka huu, inafanya kazi, ingawa huchagui ni kiini kipi umepewa.

Mama, alipoelewa nilichokuwa nafanya, aliuliza swali la mkulima: "Na mbegu yake nitarudia au nitanunua kila msimu?" Watu wa magharibi tunalijua swali hilo. Haibridi ya kwanza ya mahindi ya Kenya, H611, ilitoka Kitale mwaka 1964, ilizaliwa kwa mahindi ya Kitale na mengine kutoka Ekwado, na tangu hapo kila familia ina hadithi ya mzee aliyejaribu kuweka mbegu ya haibridi ghalani. Baba alifanya hivyo na 614. Mwaka wa pili shamba lilikuwa kama watoto wa shule mstarini, kila mmoja na urefu wake. Uyoga chotara hauna mtego huo, kwa sababu hauupandi kwa spora. Unakata kipande cha utando, unakikuza, nacho ni yule yule, viini vile vile viwili. Ukikata tena na tena bila kupumzika utando huchoka, kwa hiyo naweka akiba kwenye friji, nyuma ya maziwa. Hatari kubwa kwa akiba hiyo ni stima kupotea, na watoto.

Alikuwa na swali lingine: ule obwoba wa kichuguuni, unaotoka mvua ikianza, huo nitauozesha lini? Nikamwambia huo una wenyewe. Uyoga wa kichuguu unalimwa na mchwa, ndani ya kiota chao, kwenye sega wanalolijenga kwa kinyesi chao chenye vipande vya majani na miti. Mpaka mtu ajifunze kuwa mchwa, tutaendelea kuungojea. "Basi hujasoma vya kutosha," akasema.

Chotara 30 hazienei kibandani. Nilichagua tisa zilizotambaa haraka kwenye nafaka, nikaweka wazazi wote wawili kwa kulinganisha, mifuko mitatu kwa kila mmoja, kila mfuko na mabua makavu kilo moja kabla ya kulowekwa. Nikanunua mizani ya jikoni na daftari la kurasa 200. Na hapa nataka kusema wazi: kuoanisha ni wiki chache za kujifungia na beseni. Kuchagua kumenila mwaka mzima, na ndiko ambako watu wengi hawasimulii.

Mbili hazikuzaa kitu, utando mweupe wa kupendeza na hakuna tunda. Moja ilitoa uyoga uliojikunja kama sikio la mbwa. Nyingine mbili zilikuwa dhaifu kuliko wazazi wote. Kati ya chotara, iliyoongoza kwa uzito ilikuwa K2 na F5, zaidi ya gramu 900 kwa kilo ya mabua katika mavuno mawili, na nilikuwa tayari nimeshaanza kuipa jina, mpaka nikakumbuka kwamba niliyapata hayo Nakuru, kwenye ubaridi, na aliyenituma anakaa Kisumu.

Ikabidi nisafiri na mifuko. Matatu ya kupitia Kericho na Ahero, mifuko kumi na miwili kwenye magunia mawili, kila mmoja umeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Makanga alichungulia ndani. "Mzee, hii ni nini, maiti ya nani?" Nikalipa nauli ya mtu mmoja zaidi ili isipandiwe na kreti za soda.

Wiki tatu baadaye Shangazi akanitumia picha: vyote vimechipuka! Lakini vyote vina mashina marefu kama shingo ya korongo na kofia ndogo juu. Nilivunjika moyo, nikaandika kwenye daftari "joto limewashinda". Nilipofika ndipo nilipoona kwamba alikuwa ameziba dirisha kwa gunia, kwa sababu ya nzi. Uyoga unapumua kama sisi. Ukikosa hewa, ukizungukwa na kaboni dioksaidi yake wenyewe, unarefusha shina kutafuta pa kutokea. Nilikuwa nimekaribia kuzifuta chotara nne nzuri kwa kosa la gunia. Tuliweka chandarua mahali pa gunia, tukaanza upya.

Mara ya pili bingwa wangu K2 na F5 alinuna kabisa, vichwa vya njiti za kiberiti kama baba yake. Aliyesimama ni K5 na F2, ambaye Nakuru alikuwa wa nne na sikumjali. Kofia za kijivu cheupe, nene kiasi, na zilichipuka hata wiki ile ambayo usiku ulikuwa wa kulala bila shuka. Lakini si mimi niliyemchagua. Nilimpimia Shangazi mabeseni mawili bila kumwambia yapi ni yapi. Hakutazama uzito. Alichukua uyoga mmoja kila beseni, akaukunja katikati, akaunusa, akaupasua kwa vidole kufuata nyuzi, akauweka mezani chini ya kitambaa kilicholowa. Jioni akarudi kuutazama.

"Huu ndio utakaofika Kibuye," akasema. Alikuwa anaonyesha K5 na F2. "Ule mwingine ni mzito kwa sababu ya maji. Kwenye sufuria utabaki kijiko."

Sikuwa na safu ya "sufuria" kwenye daftari. Sasa ninayo. Na tangu hapo mifuko ya K5 na F2 ndiyo inayokwenda Kisumu, nami hapa Nakuru naendelea na kijivu cha zamani, ambacho kwa baridi yetu bado hakijapata mshindani.

Mwezi uliopita alinipigia tena. Biashara nzuri, wateja hawalalamiki. "Lakini hiki kitu kinanikohoza. Nikiingia asubuhi kuna moshi mweupe kwenye mwanga wa dirisha."

Ni spora. Oista ni mtoaji mkubwa wa spora, na wanaofanya kazi kwenye vyumba vikubwa vya uyoga huugua mapafu kwa ajili yake. Nikamwambia avae barakoa, avune kofia kabla kingo hazijanyooka, afungue mlango dakika kumi kabla ya kuingia. Akanyamaza kidogo.

"Kwani huwezi kunitengenezea usiokohoza?"

Nilitaka kucheka, lakini upo. Watafiti wa Wageningen, Uholanzi, walianza na oista mwenye kasoro usiotoa spora, wakauoanisha na wa biashara, kizazi baada ya kizazi, mpaka miaka ya 2000 ukaingia sokoni. Kwa hiyo usiku huu kuna kofia kumi na tano zimelala juu ya foili kwenye meza ya chakula, watoto wamekula sebuleni, nami natafuta ile itakayoacha mchoro hafifu kuliko zote. Saba nimeshazifunua. Zote zimechora vizuri mno.